Shahada ya Yuridia Kabla ya Udaktari

Siku za Jumanne na Alhamisi, mdomo wa mdogo wangu ulianza kwenda kabla hajavua viatu. Nililiona hilo kabla ya mtu mwingine yeyote nyumbani. Siku nyingine aliingia kimya, akanawa mikono, akala maharage yake, akafungua kitabu. Lakini Jumanne na Alhamisi aliongea akiwa bado mlangoni, mkoba begani, kiatu kimoja mguuni.

Mdogo wangu anaitwa Yuridia. Wakati huo alikuwa mwaka wa pili katika chuo kimoja cha miaka miwili hapa Oxnard, California, ambacho wengi hupitia kabla ya chuo kikuu. Mimi ni Eufemia. Niliacha shule darasa la nne, tukiwa bado kijijini kwetu Oaxaca, kule Meksiko, ambako nyumbani tunaongea lugha yetu wenyewe, si Kihispania. Siku hizi nachuma stroberi pamoja na baba na mama. Mambo ya chuo siyajui. Lakini mtu mwenye furaha nikimwona namjua.

"Jumanne kuna nini?" nilimuuliza jioni moja tukiosha vyombo.

"Jumanne nina kemia asubuhi na isimu mchana."

"Isimu ndiyo nini?"

Akaiacha sufuria ijae maji. "Ni somo la lugha, dada. Jinsi watu wanavyotoa sauti, wanavyounda maneno. Mwalimu alitaka mfano, nikampa wa lugha yetu. Nikawaonyesha kwamba ukipandisha sauti neno lina maana hii, ukiishusha lina maana nyingine. Darasa zima likataka nirudie! Mwalimu naye akajaribu. Dada, alimtukana bibi yake mzaa mama bila kujua!"

Tulicheka mpaka mama akatuuliza kuna nini huko jikoni.

Kisha Yuridia akafunga bomba.

"Mwisho wa mwezi huu natakiwa kuchagua shahada, ili niombe chuo kikuu," alisema. "Baba anataka biolojia."

"Na wewe?"

"Mimi nataka kuwa daktari. Hilo halijabadilika. Lakini shahada ya kwanza nataka kusoma isimu. Sasa nani atamwambia baba?"

Nikachukua sahani nyingine. Kila mtu anajua kwamba mimi si wa kutumwa kusema jambo.

Kumwambia baba kulikuwa kazi kwa sababu ya sherehe. Kila Juni, watu wa kijiji chetu walioko huku hukusanyika kusherehekea siku ya mtakatifu wetu. Tunachimba shimo, tunachoma mbuzi, wapiga tarumbeta wanakuja. Juni iliyotangulia baba aliomba kipaza sauti. "Ndugu zangu," alisema, "binti yangu anasomea udaktari!" Tarumbeta zikalia. Mama akalia. Tangu siku hiyo Yuridia akawa Daktari. Mama mmoja alimsimamisha kwenye foleni ya dukani, akapandisha sketi, akamwonyesha goti.

Ukweli ni kwamba chuo cha Yuridia hakikuwa na shahada ya udaktari. Kule kwetu Meksiko, mtoto akimaliza sekondari huingia moja kwa moja kusomea udaktari. Baba alidhani na huku ni hivyo hivyo. Alipoambiwa hakuna shahada hiyo, alikwenda kumuuliza Don Fidencio, yaani Mzee Fidencio, baba wa ubatizo wa Yuridia.

"Biolojia ndiyo udaktari wenyewe," Don Fidencio alimwambia. "Wamarekani wamebadilisha jina tu. Mpwa wangu ni daktari kule Puebla, Meksiko, mimi nayajua mambo haya."

Basi baba akashika hapo hapo.

Yuridia alimwambia wakati wa chakula, siku ya Alhamisi. Baba alikuwa amekunja mkate wake wa mahindi, anataka kuuchovya kwenye pilipili. Mkono ukabaki hewani.

"Lugha? Lugha gani?"

"Lugha zote, baba. Hata yetu."

"Yetu? Unayoiongea hapa jikoni? Mtu anakwenda chuo kujifunza kitu anachokijua?"

"Baba, bado nitakuwa daktari."

"Daktari wa maneno! Nikivunjika mguu utanisomea hadithi?" Akaweka mkate chini. "Nimesema mbele ya watu wote. Mbele ya wapiga tarumbeta! Sasa nikasimame tena niseme nini? Ni biolojia. Maneno yameisha."

Macho ya Yuridia yalijaa machozi, lakini hakulia. Mama ndiye aliyezungumza, huku akiendelea kula.

"Abundio, habari hizi za biolojia uliwauliza watu wa chuoni?"

"Nilimuuliza Fidencio."

"Fidencio anajua trekta."

"Mpwa wake..."

"Mpwa wake yuko Puebla. Mtoto wako yuko hapa. Nenda chuoni ukaulize."

Wiki iliyofuata mvua ilinyesha, na mvua ikinyesha hakuna kuchuma. Baba akavaa shati la sherehe. Akatuchukua mimi na Yuridia, na kwa kuwa hakutaka kwenda bila shahidi, akampitia Don Fidencio. Mimi nilibeba boksi la stroberi, maana kwetu huendi kwa mtu mikono mitupu.

Mshauri wa wanafunzi aliitwa Bi Ochoa. Alizungumza nasi Kihispania. Alipokea stroberi kwa mikono miwili, akala moja hapo hapo, baba akalegea kidogo.

"Bi mkubwa," baba alianza, "binti yangu anataka kuwa daktari. Mwambie asome biolojia."

"Siwezi kumwambia hivyo, Don Abundio."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu si lazima. Huku udaktari una hatua mbili. Kwanza mtu anasoma shahada ya kawaida, miaka minne. Baadaye ndipo anaomba kuingia shule ya udaktari, ambako atasoma miaka minne mingine. Shule ya udaktari haimuulizi amesoma shahada gani ili imfungulie mlango."

Don Fidencio akakohoa. "Ina maana hata akisoma kupika atapokelewa?"

"Akisoma kupika na akafaulu masomo yanayotakiwa, ataomba kama wengine," Bi Ochoa alicheka. "Yapo masomo ambayo hayakwepeki. Biolojia, kemia ya kawaida, kemia ya kaboni, fizikia, na majaribio yake ya maabara. Mara nyingi hesabu na uandishi pia. Kila shule ina matakwa yake, kwa hiyo ni lazima aangalie shule anazozitaka, mapema. Masomo hayo anaweza kuyachukua pembeni, huku shahada yake ni isimu, au historia, au muziki."

Baba alimgeukia Don Fidencio. Don Fidencio akatazama mvua dirishani.

"Wewe umeshamwona daktari aliyesoma mambo ya lugha?" baba aliuliza.

"Nimewaona wa kila aina. Sitakudanganya, wengi walisoma biolojia. Wale walioipenda walifanya vizuri sana, kwa sababu masomo mengi ya shahada yao ndiyo hayo hayo yanayotakiwa. Ni njia rahisi kupanga. Lakini nimewaona pia walioichagua kwa sababu walidhani ni amri. Miaka minne mtu anasoma kitu kisichomvuta. Alama zinashuka. Na alama, Don Abundio, shule ya udaktari inaziangalia kwa makini. Inaangalia mtihani wa kuingilia, na kama umewahi kukaa karibu na wagonjwa, ukawahudumia. Jina la shahada haliwezi kuziba alama mbaya."

Akamgeukia Yuridia. "Kemia unaendeleaje?"

"Nimepata A, bibi. Biolojia pia A."

"Kwa hiyo huikimbii sayansi."

"Hapana. Mwili wa mtu naupenda kuusoma. Lakini shahada ya biolojia ina mimea, ina wadudu, ina mabwawa. Ikifika hapo nasinzia."

"Sawa. Nami nikuonye. Ukichagua isimu, kazi ya kupanga ni yako. Kemia ya kaboni haitakuja yenyewe kukutafuta. Lazima uone mshauri kila muhula, upange sayansi na isimu zisigongane. Ukichelewa, utamaliza shahada huku masomo ya udaktari yanakudai. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Nilijua baba bado ana swali, kwa sababu alikuwa anazungusha kofia yake magotini. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo:

"Na wakimkataa? Hao wa shule ya udaktari."

Hapo niliona kwamba tarumbeta hazikuwa hofu yake kubwa.

"Ni swali zuri kuliko yote," Bi Ochoa alijibu. "Wengi hukataliwa mara ya kwanza, wakaomba tena. Kwa hiyo shahada iwe inayoweza kumlisha mtu wakati anasubiri, au akibadili nia. Hebu nikuulize. Akiwa na shahada ya isimu, anajua Kiingereza, Kihispania na lugha yenu ya nyumbani, hospitali za hapa zitamwacha akae bure?"

Baba alifikiri. Mkewe mwenyewe, mama yetu, hukaa kliniki saa nzima, wakimtafutia mtu anayejua lugha yetu wa kumsemea.

"Hawatamwacha," alisema.

"Haya, swali la mwisho. Nyumbani huwa anaongea habari za somo gani?"

Baba hakujua. Don Fidencio hakujua. Wote wakanitazama mimi.

"La lugha," nikasema, nikiangalia viatu.

Njiani kurudi, baba aliendesha polepole. Tulipofika kwenye taa, akasema bila kugeuka, "Yuri, hiyo kemia ya kaboni usije ukaisahau."

"Sitaisahau, baba."

"Isimu, halafu udaktari."

"Ndiyo, baba."

Don Fidencio akashusha pumzi. "Mimi nilisema kuhusu Puebla," alisema. "Sikusema kuhusu huku."

Juni iliyofuata, baba aliomba tena kipaza sauti. Alikuwa na jasho kama mtu anayechuma mstari mrefu. Akaeleza kwamba binti yake amepata nafasi chuo kikuu, atasoma isimu pamoja na sayansi zote za udaktari. Akawaambia wazazi wenye watoto shuleni wasikisie. Waende chuoni wakaulize.

"Yaani anasomea kuongea?" mtu mmoja alipiga kelele kutoka kwenye meza ya mbuzi. "Basi mke wangu ni profesa!"

"Mke wako hajafanya kemia ya kaboni!" baba alimjibu.

Watu walicheka sana. Wiki ile familia tatu zilikwenda kwa Bi Ochoa.

Sasa Yuridia yuko mwaka wa mwisho. Alama zake ni nzuri. Kemia ya kaboni ilimtoa jasho, akaishinda. Anajiandaa kwa mtihani wa kuingia shule ya udaktari, na baba ameacha kuuliza kama watamkataa. Anauliza ni lini ataomba. Yuridia akija nyumbani, Jumamosi hujitolea kwenye kliniki, anawasemea watu wetu mbele ya daktari.

Jumamosi moja nilikwenda kumchukua. Nilimkuta na bibi kizee mmoja. Yuridia hakumharakisha. Alimuuliza kwa lugha yetu, kisha akangoja. Bibi alizunguka kwa maneno, akaeleza habari za mbuzi, za mwanawe, za ndoto, na mwisho akataja maumivu yenyewe, chini ya titi. Daktari akaandika. Nilisikia bibi akisema, "Mwanangu, hili sijamwambia mtu."

Watu walipoondoka tulibaki wawili kwenye benchi. Yuridia akanyoosha miguu, akacheka.

"Na wewe, mgonjwa wangu wa mwisho? Unaumwa wapi?"

Alitania tu. Lakini baada ya kuuliza aliningoja, kama alivyomngoja yule bibi. Nikasogea nikae upande wake mwingine, ili nimsikie vizuri.

"Sikio langu la kushoto halisikii," nikamwambia. "Tangu nikiwa mtoto. Mwalimu alikuwa anaongea, mimi simsikii, naona aibu kusema. Ndiyo maana niliacha shule."