Siti ya Mbele ya Clemencia

Boti ya kutoka Grenada ikishafunga gatini Hillsborough, mimi huwa sina hata nafasi ya kujikuna. Nakaanga mandazi, nagawa samaki wa chumvi, na masikio yangu yako kwa madereva wa teksi wanaopanga foleni mbele ya kibanda changu. Kisiwa chenyewe hiki kidogo; ukiwasha gari ukaimba nyimbo chache za kanisani, umeshatokea ng'ambo ya pili. Kwa hiyo mtu akiniuliza nani alipanda gari la nani, na alikaa wapi, ninamjibu. Na haya hayakunikuta mimi, nashukuru. Yalimkuta Ianthe, binti wa mama yangu mdogo.

Kila mtu hapa analijua basi dogo la bluu la Alwyn. Usukani ulikuwa wa Alwyn, na siti ya mbele kushoto ilikuwa ya mkewe, Clemencia. Nyie wengine mtajijua huko nyuma. Alikaa pale tangu asubuhi mpaka jua linazama, kiwiko nje ya dirisha, na akitaka gari liondoke alipiga paa mara mbili kwa kiganja: pa, pa. Akishuka ulimjua kwa mbali, kwa alivyotembea akitupa mguu wa kulia nje. Mwanamke yule alikuwa na wivu, jamani! Siku moja mgeni wa kike kutoka Kanada alipanda mbele bila kujua. Clemencia akamfungulia mlango kwa adabu zote, akamwambia, "Mama, shuka. Nyuma kuna upepo mzuri." Gati zima tulicheka.

Halafu Clemencia akafa. Presha ilimpanda jikoni, hakufika hospitali.

Sasa, kwetu Carriacou kumzika mtu hakujaisha mpaka jiwe lake lisimame kaburini. Jiwe likishanunuliwa hulazwa nyumbani, hufunikwa shuka jeupe, husalimiwa kama mtu. Siku ya karamu yake tunapika madonge ya mahindi na kuku, bila chumvi, kwa sababu wafu hawali chumvi. Sahani yao huachwa mezani, watu wanatoka. Kisha ngoma, kisha jiwe linapelekwa likasimame. Hapo ndipo marehemu anaondoka. Kabla ya hapo yumo ndani, na kama alikuwa mke, bado ni mke.

Alwyn alilinunua jiwe, akalilaza chumba cha nyuma. Akawa anasema mwakani, mwakani. Akiwa kwenye hiyo mwakani yake, akamwona Ianthe.

Ianthe alikuwa na tiketi ya kwenda Toronto kwa dada yake. Aliirudisha kwa ajili ya Alwyn, na watu wakamcheka wazi. Nilimwambia, "Mdogo wangu, mwambie amtoe kwanza mwenzio ndani ya nyumba."

"Dada Merle, mimi siolewi na jiwe," akanijibu. "Naolewa na Alwyn. Nimeacha kila kitu kwa ajili yake, siwezi kuja kukosa na mume."

Wakafunga ndoa. Ianthe akahamia, jiwe likiwa bado chumba cha nyuma na shuka lake.

Asubuhi ya kwanza alipanda mbele akiwa na gauni la njano, anaringa, na nani angemlaumu? Mnaijua ile kengele ya magari ya siku hizi, inayolia mtu akikaa mbele bila mkanda. Ianthe alikuwa amejifunga. Kengele ikalia. Ti, ti, ti. Akafungua, akafunga tena. Ti, ti, ti. Akashuka aangalie siti, akafunga mlango. Siti ikawa tupu kabisa, mbele ya macho yetu sote.

Kengele iliendelea kulia.

"Gari bovu," alisema Alwyn, na hakunitazama.

Fundi Canute alitoa waya mmoja, akarudisha, akajikuna kichwa. Akasema gari linahisi uzito. Akasema kengele haina kosa, inafanya kazi yake. Siku iliyofuata bibi mmoja aliyeteremka kwenye boti, mtu wa Windward aliyezeekea Brooklyn, aliambiwa na Alwyn apande mbele apumzishe miguu. Bibi alichungulia dirishani, akanyanyua kofia kidogo. "Asante, mwanangu. Nitakaa nyuma tu. Huku kumeshakaliwa."

Ianthe kusikia hivyo hakuwaza mzimu. Aliwaza hawara. Alikagua ile siti kama askari wa forodha. Akaikuta imesogezwa nyuma, na yeye mfupi. Akaikuta ina joto, na gari lilikuwa limelala kivulini. Akaikuta inanuka yale manukato ya majani ya mti wa bay ambayo wanawake wa mjini wanajipaka. Akamwendea Alwyn mbele ya madereva wenzake.

"Nani unambeba kwenye siti yangu?"

"Hakuna mtu, Ianthe."

"Hakuna mtu ndiye ananukia hivi?"

Madereva wakaguna. Alwyn alikuwa amepauka usoni. Nikanusa na mimi. Manukato yale nilikuwa nayajua. Clemencia alikuwa akininunulia chupa kila Krismasi.

Nilipomwambia Ianthe, hakuogopa. Haki ya Mungu, alikasirika zaidi. Wivu kwa aliye hai una mwisho. Utamfuata kwake, mtatukanana, mtavutana nywele, yataisha. Kwa aliyekufa unampiga nani?

"Basi leo nakaa mimi," alisema. "Na abanduke!"

Ilikuwa mchana, jua kali, tunapandisha mlima wa Belair. Mimi nilikuwa nyuma na beseni langu la unga. Ianthe yuko mbele, mkanda kifuani, kidevu juu. Kengele ikaanza. Akaupiga ubao wa gari kwa ngumi. "Nimefunga! Nimefunga, husikii?"

Kengele ikanyamaza.

Ianthe akacheka. Akageuka kunitazama, na kicheko kikakatika katikati. Mkanda ulikuwa unarudi ndani. Polepole. Ukamkaza kifua. Ukapanda shingoni. Alwyn akakanyaga breki, akabonyeza kitufe. Kitufe hakikushuka. Akabonyeza kwa vidole vyote. Hakikushuka. Midomo ya Ianthe ilikuwa inacheza, nikaegemea mbele nimsikie.

"Dada Merle," alinong'ona. "Amenikalia mapajani."

Alwyn alitoa panga chini ya siti akaukata. Tulimlaza Ianthe kwenye majani kando ya barabara. Shingoni alikuwa na mstari mwekundu, mpana kama mkanda, kutoka sikio la kushoto ukishuka kifuani kwa mshazari. Haukufifia hata alipopakwa mafuta. Na ile siti, nilipogeuka kuitazama, ilikuwa imebonyea katikati.

Alwyn aliliegesha basi la bluu akakodi gari jipya aina ya jeep, limeshuka kwenye meli wiki hiyohiyo, siti bado zina nailoni. Ianthe safari hii alikaa nyuma mwenyewe, bila kuambiwa. Mbele hapana mtu. Hawajafika hata kwenye geti la nyumba, kengele ikalia.

Yaliyofuata Ianthe alinisimulia huku analia, na hakuwa analia kwa hofu.

"Hakushtuka, dada. Alinyoosha mkono akavuta mkanda wa siti tupu, akaupitisha taratibu, hivi, kama mtu anayeogopa kumwamsha mwenzake. Akaufunga. Akalaza kiganja pale juu kidogo. Kengele ikanyamaza." Alijifuta pua kwa mkono. "Mimi hajawahi kunifunga mkanda hivyo. Hata siku ya harusi."

Nikamwambia, "Sasa simamisheni jiwe. Mpeni chakula chake, aende zake."

Alwyn alikubali upesi, na karamu ikaandaliwa. Wanawake tulipika tangu alfajiri, ngoma zikaletwa kutoka Harvey Vale, jiwe likatolewa chumba cha nyuma, likamwagiwa ramu na maji. Ianthe aliomba yeye ndiye apakue sahani ya marehemu. Tukasema, jamani, mtoto amekomaa. Mke mdogo anamlisha mkubwa, heshima iliyoje! Akapakua, akabeba, akaingia peke yake chumbani na kufunga mlango.

Jioni, jua bado lipo juu ya bahari, tulikuwa makaburini. Wanaume wameshalisimamisha jiwe, saruji inamwagwa, ngoma zinarindima. Alwyn alikuwa anatokwa na machozi bila sauti. Ianthe akanisogelea, akanishika mkono. Macho yake yanang'aa.

"Nimemtia chumvi," alininong'oneza.

"Nini?"

"Kwenye sahani. Konzi nzima. Ale afe mara ya pili."

Nikauachia mkono wake. "Ianthe! Wewe umefanya nini? Ukimnyima mtu chakula cha safari, ataondokaje?"

"Si ameshasimamishiwa jiwe lake? Si yamekwisha?" Akalisogelea jiwe, akaligusa kwa ncha ya kiatu. "Lala huko. Mume ni wangu, na siti yangu."

Saruji ilikuwa imeshajaa. Ngoma zilikuwa zimefika pale zinapotulia kabla ya kumaliza. Ianthe alishika shingo, palepale penye ule mstari. "Dada Merle," alisema, "mbona kuna baridi hivi?" Mtu akanipa glasi ya ramu niimwage. Niliimwaga. Nilipoinua kichwa, Ianthe alikuwa anaelekea kwenye basi la bluu, na alikuwa anatembea kwa kutupa mguu wa kulia nje.

Ianthe hatembei hivyo.

Alipanda mbele. Akatoa kiwiko dirishani. Mkanda ambao Alwyn alikuwa ameshautia mpya ulikuwa unaning'inia pembeni, hakuugusa. Sote tuliopanda nyuma tulikuwa tunasubiri kengele, hata kama hakuna aliyesema. Gari liliwaka. Kimya. Likatembea. Kimya.

Akanyoosha mkono juu. Pa, pa.

Alwyn aliushika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayejifunza kuendesha.

Asubuhi walipita kibandani kwangu. Ianthe wangu, anayekula samaki wa chumvi mpaka mifupa, alichukua kipande, akakitia mdomoni, akakitema kwenye kiganja. "Chumvi," alisema, na akanitazama kwa muda mrefu, akitabasamu. Shingo yake ilikuwa safi kabisa, haina alama yoyote. Alipokwenda kununua vitambaa upande wa pili wa barabara, Alwyn alichukua beseni langu la unga, akaliweka kwenye siti ya mbele, akafungua swichi. Ti, ti, ti. Akaliondoa.

"Kengele ni nzima," alininong'oneza. "Yeye ndiye hana uzito. Merle, jana tumemsimamishia nani jiwe?"

Yule mke wake akarudi, akapanda.

Kwetu dereva akipita kona ya makaburi hupiga honi, awasalimie watu wake. Siku hiyo nilikuwa nyuma napeleka mandazi L'Esterre. Alwyn alifika kwenye kona akapiga honi kama kawaida, mara moja, fupi.

Ikajibiwa. Ti, ti, ti. Dhaifu, kutoka chini, kutoka upande wa lile jiwe jipya. Ti, ti, ti. Haikutoka kwenye gari. Nilikuwa nimetoa kichwa dirishani.

Jumapili nilikwenda kwa miguu, na maua, mchana kweupe. Saruji imeshakauka. Kwenye uso wa jiwe kuna mstari mweupe, mpana kama mkanda, unashuka kwa mshazari kutoka bega la kushoto. Nikaupitishia kidole, nikalamba. Chumvi. Mvua zimeshapiga mara nyingi tangu hapo na bado upo. Nenda ukautazame mwenyewe. Nililaza sikio kwenye jiwe nikaita, "Ianthe, mdogo wangu." Nikasubiri. Halafu nikakimbia, na mimi na unene wangu huu sijakimbia tangu nikiwa shule.

Madereva wote wa kisiwa hiki wameacha kupiga honi kwenye ile kona. Amebaki Alwyn peke yake. Akifika pale hupunguza mwendo, hupiga, kisha hushusha kioo chake asikilize, na mkono wake wa kushoto unanyanyuka kidogo kutoka kwenye usukani, kama unatafuta mkanda wa kumfunga mtu. Hapo mke wake hutoa kiganja nje ya dirisha, akapiga paa. Pa, pa. Na Alwyn huondoa gari.