Nguo ya Wavu Yenye Haikukunjwa

Hii siyo ya kusikia ku bantu. Miye mwenyewe, Willy mwenye kuuzisha salaula, nguo za mitumba, nilionaka na haya macho yangu mbili, 1998, pa Kabuta. Mwenye anabisha aende kuoga mu ziwa Mweru na magaribi, peke yake.

Kutoka Mansa mpaka ngambo ya Congo, hakuna mwanaume anajua nguo za ndani za banamuke kama miye. Nikifungua balo ya nguo, hata samaki inatoa kichwa mu maji kuangalia.

Emilienne, bibi ya Nkulu, alikuya kuchagua. Bwana yake alikuwa ngambo miezi mingi, na bantu bote banasema kule iko na bibi mwingine.

"Yaya Willy, unipatie yenye itamurudisha ku nyumba."

Nilimutolea moja ya wavu, nyeusi, nyepesi kama moshi. "Inua ku jua, uangalie kama matundu yote iko sawa. Ingiza mukono. Ukucha ikinasa, achana nayo. Fua na maji ya baridi, usikamue. Anika mu kivuli. Na usikunje ingali na maji, itaoza."

"Unajua hivi, kwani weye unavaaka?"

"Nikivaa miye, Nkulu atarudi leo leo!"

Tulicheka sana.

Siku ya kurudi kwa Nkulu, jua inaanguka, nilimupelekea Emilienne mukaba ya ile nguo, alikuwa amesahau. Nilimukuta ku miti ya kuanikia nyavu. Alificha nguo yake mule katikati, majirani basione. Nyavu za bwana yake zote alishakunja. Pa Kabuta hata mutoto anajua: wavu wenye kubaki wazi jua ikizama, umetegwa. Utanasa chenye kinapita.

Ile nguo ya wavu tu aliacha.

"Ingali na maji," alinong'ona. "Ni weye ulisema nisikunje..."

Upepo hakuna.

Lakini nguo ilikuwa imejaa.

Matiti. Kiuno. Mapaja. Pa shingo, hakuna kichwa. Harufu ya matope ya chini kabisa... Na maji inadondoka. To... to... to...

"Usiguse," nilimwambia. Miye mwenye nilipigaka mamba tatu na mukono mutupu! Nilimushika Emilienne mukono, nikarudi naye nyuma.

Ikashuka ku muti. Ikatembea kwenda ku ziwa.

Kule, kasia ilikuwa inapiga maji. Sauti ya Nkulu, na kicheko:

"Emilienne! Ni weye? Ah, umependeza, bibi yangu!"

"Niko huku!" Emilienne alilia. "Nkulu! Niko huku!"

"Nakuya, nakuya..."

Maji ikapiga. Mara moja.

Kisha kimya.

Asubuhi mutumbwi ulikuwa ku mchanga, na kitenge kipya ndani, zawadi ya Emilienne. Nguo ilikuwa ku miti. Kavu. Imekunjwa vizuri.

Nkulu, mpaka leo, hapana kuonekana.

Banasema miye muongo. Bon, kitu kimoja nilitunga, nakubali. Nilisema hakukuwa kichwa.

Kilikuwa.

Emilienne nilikuwa nimemushika mukono, hapa, kando yangu. Na sura yake ilikuwa inanichekea kule juu ku miti.