Kifurushi cha Kwanza

Harufu ya vitunguu ilipanda kupitia sakafu siku ambayo duka la chini lilikuwa limefungwa. Mshonaji alikuwa amepiga magoti akisugua vigae vya jiko lake jipya. Akainua kichwa, akanusa, akasikia na mafuta yakitatarika. Alipochungulia dirishani aliona mlango wa chuma wa duka umeshushwa na kufuli lake liko pale pale. Akajiambia kuta za nyumba kuukuu hushika harufu, akarudi kwenye vigae vyake.

Asingekubali kitu kidogo kama harufu kimharibie furaha. Tangu waoane, yeye na mumewe, fundi wa friji, walikuwa wakihamahama vyumba vya kupanga na kuchangia choo na watu wasiojua ufagio, hadi walipoipata fleti hii juu ya duka la kuku na chipsi. Duka lenyewe halikuwa na hata kiti kimoja. Unanunua, unafungiwa, unaondoka. Fleti ilikuwa rahisi kuliko zote walizotazama, na aliyewauzia alikuwa na haraka mno ya kukabidhi funguo, lakini nani angemuuliza mtu mwema hivyo haraka yake ni ya nini?

Aliyemharibia furaha ni mumewe. Wiki ya kwanza haijaisha, mume akaacha kula nyumbani. Akitengewa chakula anadonoa, anasema ameshiba, mara tumbo halitaki, na huku midomo inang'aa mafuta. Mshonaji alikuwa na wivu, tena alijijua. Shangazi zake walimtania kwamba angeuonea wivu hata mto anaolalia mumewe.

Basi akaanza kutega jicho. Ngazi ya nyuma ilipanda kutoka jikoni mwa duka hadi kwenye mlango wake wa jikoni. Kila adhuhuri, kabla ya kumhudumia mteja yeyote, mwenye duka, mjane mnene mcheshi ambaye wateja walimwita Mama Kikaango, alipanda ngazi hiyo na kifurushi cha kwanza kutoka kwenye mafuta, kimefungwa vizuri kwa karatasi. Alikiweka kidato cha juu, mlangoni kabisa pa mshonaji, asibishe hodi wala asitazame nyuma, akashuka mbio kuliko mwili wake ulivyoruhusu. Jioni karatasi ilikuwa tupu. Kumbe mumewe analishwa na mwanamke mwingine, tena mlangoni pake!

Alishuka amefura. Mama Kikaango akamvuta nyuma ya magunia ya viazi, ucheshi wote umemtoka.

"Mdogo wangu, kile si cha mumeo," alinong'ona. "Nilipoachiwa duka hili nilielezwa, kifurushi cha kwanza ni cha yule wa juu. Akipewa chake nje, haingii ndani kwa watu. Sisi hatuonji hata kipande."

"Juu ninaishi mimi."

"Wewe na yeye. Ina maana aliyekuuzia hakukwambia?"

Mshonaji alicheka kwa puani. Alijisemea kwamba majini ndiyo kinga ya wanawake waliofumaniwa. Kesho yake kifurushi kilipowekwa, alifungua mlango, akakaa kidato cha juu kama malkia, akala chote, mjane akimtazama kutoka chini, mikono kichwani. Kilikuwa kitamu hata akachukia. Akalamba vidole, akaikunja karatasi, akamrushia.

Jioni alipotoka chumba cha cherehani alimkuta mumewe mezani tayari. Alidhani anakula kiporo. Mume alikula, akaifuta sahani kwa mkate, na mshonaji akajiona ameshinda, mpaka mume alipotazama chini kwa haya.

"Mke wangu, nisamehe," alisema. "Nilikuwa nakula chipsi karakana na wenzangu. Chakula chako hakina chumvi, nikaona aibu kukwambia. Lakini leo umepika."

Mshonaji aliitazama sahani. Kutwa nzima alikuwa kwenye cherehani, jiko hakuligusa.

"Nani kakutengea?" aliuliza.

"Si wewe? Umerudi jikoni sasa hivi."

Mlango wa jikoni ulikuwa umeegeshwa, na nyuma yake mafuta yalitatarika na mtu aliimba polepole wimbo ambao mshonaji huuimba akitunga uzi kwenye sindano, na alipousukuma mlango kwa ncha za vidole ikamlaki harufu ile ile ya vitunguu, nzito na ya moto, ikamshuka hadi kooni, na mbele ya jiko akaona mgongo wa mwanamke aliyevaa gauni la maua ambalo mshonaji alijishonea kwa ajili ya kuhamia, gauni lile lile lililokuwa mwilini mwake wakati huo, na mwanamke alipogeuka, uso ulikuwa wake mwenyewe, midomo ikimeremeta mafuta.

"Miaka yote nawasikia wakaao humu wanakula pamoja, mimi nakula peke yangu ngazini," yule alisema taratibu, kwa sauti ya mshonaji. "Leo umekula changu. Na mimi nitakula chako."

Mshonaji alikimbia akamshika mumewe bega. Mume alitetemeka, akajikunyata.

"Mke wangu, funga huo mlango wa nyuma," aliita kuelekea jikoni. "Kuna baridi."

"Nafunga," alijibu yule.

Komeo likalia. Mshonaji alijikuta amesimama kidato cha juu, upande wa nje. Aligonga mpaka ngumi zikamuuma, na hakuna aliyefungua.

Kesho yake adhuhuri Mama Kikaango alipanda na kifurushi, macho chini kama kawaida yake.

"Dada, ni mimi," mshonaji alisema. "Nitazame."

Mjane aliganda.

"Yarabi, sasa ameanza kusema," alinong'ona, akakiweka kifurushi chini, akashuka akijikwaa.

Ndani cherehani ilikuwa ikienda. Ikanyamaza, vijiko vikagonga sahani, na mumewe akacheka kicheko ambacho hakuwahi kumchekea yeye. Mshonaji alisogeza sikio mlangoni. Njaa ilikuwa inamsokota, na wivu ulimsokota zaidi ya njaa. Akaikunjua karatasi, akala.