Moshi wa Eudora

Subira huvuta heri, husema wenye nyayo kwenye nchi kavu. Baharini subira huvuta maji. Huingia chini kwa chini, kati ya ubao na ubao, na wewe umekaa kitako unaingojea heri.

Ianthe Compton alikuwa amekaa kitako, jambo ambalo halikuwa la kawaida yake. Mashua ilikuwa imetoka kijijini kwao Windward asubuhi, bahari shwari, na tayari alikuwa ameshafunga na kufungua kasha la chakula, amekunja taulo, amezikunjua, amezikunja tena.

"Tulia," alisema Alban, mumewe, kutoka tezi, nyuma ya mashua, mkono mmoja kwenye mashine. "Mapumziko yameanza."

"Nimetulia."

"Umetulia kama kuku aliyeona kivuli cha mwewe."

Ni Alban aliyeyapanga mapumziko hayo. Tangu kimbunga king'oe mapaa ya kisiwa chao cha Carriacou, mume na mke hawakuwa wakizungumza ila misumari na bati. Yeye alikuwa fundi wa mashua aliyegeuka fundi wa mapaa kwa lazima. Mkewe aligawa misaada ghalani mpaka sauti ikamkauka. Walilala wamepeana migongo. Basi Alban akasema: twende Fungu la Mwari, kile kisiwa cha mchanga mtupu kaskazini, mimi na wewe, tulale, tuoge, tule, tulale tena.

Shida ni kwamba kupumzika Carriacou ni kazi kuliko kazi. Ukitandika taulo pwani, shangazi atakuletea mashelisheli na umbea. Ukivuka kwenda Grenada, kila mtaa una binamu atakayenuna mwaka mzima kwa kuwa hukumpitia. Kwa hiyo walidanganya. Windward waliambiwa wawili hao wanakwenda Grenada kwa Glenda, dada yake Ianthe. Glenda akaambiwa wako nyumbani wana mafua, asipige simu. Na simu zenyewe waliziacha juu ya friji, ili asiwapate mtu. Uongo ulishonwa vizuri hata haukuacha tundu la kupitisha sindano.

Mlingoti na tanga navyo Alban aliviacha bandani, viache nafasi ya kasha la barafu. "Tunaenda kupumzika," alisema, "siyo kushindana mbio za matanga."

Mashua iliitwa Eudora, jina la mama yake Alban. Baba yake aliichonga mbao kwa mbao kabla hajafa, na siku ya kuishusha majini palichinjwa mbuzi, pakamwagwa ramu, na Shangazi Merle akawa mama wa ubatizo wake. Kimbunga kilipokuja, Alban aliikimbiza Eudora kwenye mikoko na kuifunga kwa kamba tisa kabla hajapigilia hata dirisha moja la nyumba yake. Mashua ilipona. Paa la nyumba liliondoka. Ianthe hakusema kitu. Hakusahau kitu pia.

Katikati ya mkondo waliukuta mwani. Ulikuwa umetanda kama mkeka wa kahawia, unanuka yai viza, umeziba njia kushoto hata kulia.

"Zunguka," alisema Ianthe.

"Tutachelewa."

"Kuchelewa wapi? Si tumekuja kupumzika?"

Alban alicheka, akaielekeza omo, pua ya mashua, katikati. Mashine ikaenda hatua kadhaa ikiguna. Kisha ikakohoa, ikatoa harufu ya mpira unaoungua, ikanyamaza.

Mara ukimya ukawa mkubwa kuliko bahari. Alban aliinua mashine, akauona mwani umejisokota kwenye rafadha inayosukuma mashua kama nywele kwenye kitana. Alivua shati, akajitosa, akaushika ukingo wa tezi kwa mkono mmoja na kuung'oa mwani kwa mwingine. Wimbi lilikuja kutoka nyuma, siyo kubwa, wimbi la mpita njia tu. Tezi ikapanda. Tezi ikashuka na uzito wake wote, na ncha ya rafadha ikamkata shavu la mguu kama panga linavyokata dafu.

Hakupiga kelele. Alisema, "Ianthe, nivute," kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi.

Ianthe alimvuta. Hakujua alimvuta vipi, mwanamume mzito vile. Damu ilijaa kwenye sakafu ya mashua ikachanganyika na barafu iliyomwagika. Alichomoa mkanda wa suruali, akaufunga juu ya goti, akakaza mpaka mkanda ukalia. Akafungua chupa ya ramu.

"Inywe kwanza," Alban alisema.

"Hii siyo yako, ni ya mguu." Akaimimina. Hapo ndipo Alban alipiga kelele, na ndege wakaruka juu ya mwani.

Mashine ilikataa. Ianthe aliuvuta uzi wake wa kuwashia mpaka kiganja kikachubuka. Upepo ule usiochoka wa mashariki uliishika Eudora ubavuni na kuisukuma, taratibu, bila chuki, kwenda magharibi. Visiwa vya nyumbani vilianza kuwa vidogo. Kasia lilikuwa moja tu. La pili lilibaki bandani pamoja na tanga. Ianthe alipiga kasia kushoto, akahamia kulia, akarudi kushoto. Kila akipumzika, Carriacou ilisogea nyuma.

"Jabali lile," Alban alinyoosha kidole. Jabali la mwisho, chakavu, jeupe kwa mavi ya ndege mwari. Baada yake hakuna kitu, ni maji mpaka Amerika ya Kati. "Usilikabili. Lenga juu yake, upande wa upepo, mkondo utakushusha."

"Lala."

"Nakuelekeza."

"Nielekeze umelala."

Jua lilipokaribia maji walilifikia. Mwamba uliwapokea kwa meno. Ubao mmoja wa chini ulipasuka, kisha wa pili, na Ianthe akaruka akiwa na kamba mkononi, maji kifuani, akavuta kama punda mpaka Eudora ikalala kwa ubavu juu ya kokoto.

Asubuhi alilizunguka jabali lote mpaka akarudi alikoanzia. Palikuwa na mwari, mpungate wenye matunda mekundu, konokono wa baharini kwenye mawe, na upande uliokingwa upepo, kichaka cha mitufaha-sumu. Mtoto yeyote wa visiwa hivi anaujua mti huo kabla hajajua kusoma. Tunda lake linanukia vizuri na kukuunguza koo, utomvu wake unababua ngozi, na moshi wake unapofua macho. Kuni nyingine hazikuwepo. Kimbunga kilikuwa kimefagia kila kijiti kikavu.

Maji yao yalikuwa barafu iliyoyeyuka. Alimpa Alban kwa kifuniko cha chupa. Yeye alinyonya matunda ya mpungate, miiba ikamjaa midomoni.

"Kaa kidogo," Alban alimwomba, amelala kwenye kivuli cha mashua. "Unanizungusha kichwa."

"Nikikaa, nani atasimama?"

Meli ya mizigo ilipita mbali. Ianthe alipunga taulo mpaka mabega yakafa ganzi. Meli iliendelea na safari zake. Mchana mashua ya matanga nayo ikapita, nyeupe, nzuri, imebeba watu waliokuja kupumzika kwelikweli. Aliwapigia yowe. Upepo ulilichukua yowe ukalipeleka magharibi, kunakopelekwa kila kitu.

Mguu ulikuwa umevimba ukang'aa. Alipoufungua, harufu ilimrudisha nyuma. Kulipokucha tena, mstari mwekundu ulikuwa umeanza kupanda kutoka gotini kwenda pajani, na Alban alikuwa anatetemeka chini ya jua kali.

"Nitaiziba Eudora," alisema, meno yakigongana. "Nipe siku mbili. Shati, vipande vya kasha, nitapiga kalafati. Nimeziba mbovu kuliko hii."

"Halafu?"

"Halafu tutasukumwa."

"Tutasukumwa wapi, Alban? Upepo unakwenda magharibi. Huko magharibi kuna nani wa kwenu?"

"Basi watatutafuta."

"Nani? Windward wanajua tuko kwa Glenda tunakula. Glenda anajua tuko kitandani tunapiga chafya. Mimi na wewe hakuna atakayetuulizia kwa siku nyingi, mume wangu. Tulihakikisha."

Ianthe alikuwa anaitazama mashua. Mwerezi mkavu. Mbao zilizokaa miaka na rangi na mafuta. Na dumu la petroli bado lilikuwa na kitu ndani.

Alban alimwona anavyotazama. Aliyajua macho yale. Ndivyo Ianthe alivyoyatazama mapaa mabovu kabla ya kuamuru yabomolewe.

"Hapana," alisema.

"Mguu wako unaoza."

"Ianthe, hapana. Ni mikono ya baba yangu hii. Ni jina la mama yangu."

"Mama yako amelala makaburini, ametulia. Wewe ndiye sitaki umfuate."

"Choma ile miti!"

"Moshi utupofue, tuokolewe vipofu?"

Alban aliushika ukingo wa mashua kwa mikono yote miwili. Homa ilikuwa imemnyang'anya nguvu za mguu ikaziacha mikononi. "Ukiichoma," alisema, na sauti yake haikutetemeka, "usiniite mumeo."

Ianthe alipiga magoti. Alianza na kidole gumba, akakibandua. Akafuata cha pili. Alikuwa analia, lakini hakuacha. Kila kidole alichokibandua kilirudi, akakibandua tena, mpaka mikono ile ikachoka. Kisha akamshika makwapani, akamburuta juu ya kokoto, Alban akimtukana kwa matusi ambayo Ianthe hajawahi kuyasikia kinywani mwake, mpaka nyuma ya mwamba upande wa upepo.

Alirudi peke yake. Alimimina petroli kwenye mataruma, mbavu za mashua, na chini ya viti, na kwenye herufi za omo. Kwa dakika moja alisimama tu, kiberiti mkononi, yeye asiyejua kusimama. Akawasha.

Eudora iliungua kwa kishindo. Mwali ulikuwa msafi mno, hauna moshi, na jua lilikuwa linaumeza. Ianthe alikimbilia majini, akakumbatia mwani, ambao nao upepo uliusukuma mpaka jabalini, rundo baada ya rundo, mbichi, unaotiririka, akautupa juu ya moto. Nyusi zikaungua. Moshi ukainuka mweupe, kisha wa manjano, kisha mweusi, mzito kama nguzo, ukasimama juu ya jabali ukainama magharibi. Aliendelea kutupa. Mikono ilimchemka malengelenge. Nyuma ya mwamba aliisikia sauti ya Alban ikiita, ikiita jina la mama yake, na hakujua kama anamwita marehemu au mashua.

Wavuvi wawili wa kisiwa cha Petite Martinique, waliokuwa wakiwafuata jodari, waliuona moshi huo kabla haujapungua.

"Bibie," alisema mkubwa wao akiruka kwenye kokoto, "tukadhani kuna mwehu anachoma makaa huku." Kisha akaona mguu. Akaona na mkuku ulioungua, uti wa mgongo wa mashua, na kipande cha ubao wa omo chenye herufi tatu. Alivua kofia. "Hiyo si ya mzee Compton?"

"Ilikuwa," alisema Ianthe. "Mbebe kwanza. Utaniuliza njiani."

Hospitalini daktari alikata alichokata, akashona alichoshona. Mguu ulibaki, umekonda, hautakimbia tena. Daktari alimwambia Ianthe pembeni kwamba kama wangechelewa mpaka kesho yake, asingekuwa na mtu wa kushona.

Shangazi Merle alifika na hotipoti na kofia ya kanisani. Aliweka hotipoti mezani, akaketi, akamtazama Ianthe na mikono yake iliyofungwa bandeji.

"Mlitudanganya," alianza.

"Tulidanganya."

"Hilo nitakusamehe, maana wote tunawakimbia ndugu. Lakini Eudora ni mtoto wangu wa ubatizo, nilimbeba siku ya kushuka kwake majini. Kwa ukoo wetu aliyeipoteza mashua huenda pwani mbele ya watu, anamwaga ramu, anaitaja kwa jina, anaiomba radhi. Bila hivyo hakuna fundi wa Windward atakayewalazia mkuku mwingine. Hata mumeo hawezi."

Ianthe alimtazama Alban. Tangu jabalini mumewe hakuwa amemsemesha. Alikuwa ameelekea ukutani, lakini sasa aligeuza shingo.

"Neno moja tu, Ianthe," alisema. Sauti ilikuwa nyembamba, na haikuwa na hasira. "Liseme, tuanze upya. Sikuombi zaidi."

Kwa mara ya kwanza tangu kimbunga, Ianthe alikaa. Alikaa kweli, ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani bila kufanya kitu, akasikiliza pumzi ya mumewe inavyoingia na kutoka.

"Ramu nitamwaga, shangazi," alisema. "Chakula cha kuwakumbuka marehemu nitapika sufuria nzima, na jina la Eudora nitalitaja mbele ya Windward yote, na pengine nitalia. Lakini radhi siombi. Si kwako, si kwake, si kwa mbao. Na ningekuwa na mashua ya pili, ningeichoma nayo."