Makangaga ya Ongmu

Haya yalimpata rafiki yangu Doma, hapa hapa mjini kwetu Kalimpong, milimani. Jirani yake Ongmu alishuka mji wa Siliguri, bondeni, kumuuguza mumewe, akamwachia ufunguo wa nyumba.

"Dada, makangaga yangu haya ya vyunguni yakinyauka, tusisalimiane tena."

"Nenda bwana, nitayalea kama wanangu."

Mchana mmoja ukungu ulitanda na umeme ukakatika. Doma alipofungua mlango wa Ongmu, alisikia gizani mtu akipulizia maji kwa mdomo, fyuu, kama Ongmu alivyozoea kuyanyunyizia makangaga yake, kisha akivuta pumzi.

"Ongmu, umerudi?"

Sauti ikakoma. Alipapasa ukuta hadi dirishani penye vyungu. Hapakuwa na mtu. Udongo ulikuwa mkavu. Akagusa majani, yakamlowesha vidole, na maji yale yalikuwa vuguvugu, kama yaliyotoka kinywani sasa hivi.