Shinobu Adai Sauti Yake

Suzuna alivuta pumzi.

Lilikuwa jambo dogo, ila Suzuna hakuwa mtu. Alikuwa sauti ya kompyuta: unapanga nota kwenye skrini, unaandika silabi chini yake, naye anaimba. Hana mapafu. Ryusei Tokunaga akarudisha wimbo nyuma, akasikiliza tena. Kabla tu ya kiitikio ilisikika pumzi fupi yenye mluzi ndani yake.

"Kanae!" akamwita mkewe, aliyekuwa jikoni akiosha mchele. "Hebu njoo usikie."

Kanae akaja akijifuta mikono. Akasikiliza, akacheka. "Si wewe huyo unahema? Acha sigara, bwana."

"Sijarekodi kitu. Maikrofoni iko kabatini."

"Basi Suzuna wako kazeeka."

Ryusei hakucheka. Pumzi ile aliijua.

Vijana wote wa Osaka walimjua Ryusei, mtunzi wa nyimbo za Suzuna. Zilipigwa madukani na kwenye vituo vya treni, na watoto wa shule walizicheza barabarani. Wasichokijua ni kwamba hakutunga hata mmoja. Nyimbo zilikuwa za Shinobu Kitahara, mwanamke aliyesoma naye, aliyeugua kansa ya koo. Madaktari walimkata, sauti ikaenda, akabaki akipumua kwa tundu la shingoni. Ndipo akanunua Suzuna. "Nimepata koo jingine," alimwandikia Ryusei kwenye simu, akaweka na kikatuni cha kucheka. Alitungia palepale kitandani hospitalini, na Ryusei akawa anazichukua nyimbo kwenda kuzinyoosha nyumbani.

Siku ya mwisho ya uhai wake theluji ilikuwa inaanguka. Shinobu alimshika kifundo cha mkono, midomo ikacheza bila sauti. Jina langu. Weka jina langu. Ryusei akaitikia kwa kichwa.

Wimbo wa kwanza akautoa kwa jina lake mwenyewe, akijiambia kwamba atarekebisha baadaye. Watu wakaupenda mno. Baadaye hiyo haikufika.

Sasa ilikuwa Agosti, wiki ya Obon, mizimu inaporudi makwao na kila nyumba inasafisha makaburi. Harufu ndiyo iliyofuata. Kanae aliinusa kwenye mchuzi wa miso, akaumwaga, akapika mwingine, nao ukanuka vilevile: dawa ya kuoshea vidonda, na chini yake kitu kilichooza.

Mchana mmoja alikuwa barazani akianika nguo, nyenje wakipiga kelele mitini kama kawaida yao, mara wakanyamaza wote kwa pamoja, kama waliozibwa midomo, na katika kimya hicho akasikia Suzuna akiimba chumbani kwa mumewe, taratibu, wimbo asioujua, kila mstari ukikatwa na ule mluzi, na alipousukuma mlango akaona kompyuta imezimwa, waya wake umelala sakafuni, na Ryusei amejikunyata pembeni akiwa ameziba masikio, huku sauti ikiendelea kumwita, Ryu, Ryu, uliitikia kwa kichwa, Ryu.

Kanae akapiga magoti karibu naye. "Shhh. Huyo ni nani?" akanong'ona.

"Shinobu."

"Shinobu ndiye nani?"

Akamweleza yote, kwa sauti ya chini kana kwamba kuna mtu amelala chumba cha pili. Alipomaliza, Kanae akainuka, akajitenga naye.

"Miaka miwili nalala na mwizi," akasema.

Hata hivyo alimpigia simu shangazi yake, Bi Tome, kipofu kutoka kaskazini ambaye kazi yake ilikuwa kusema na wafu. Bi Tome alifika na rozari yake ya shanga nyeusi na meno ya wanyama, akaketi mkekani, akazisugua shanga huku akiita. Hakukawia kukatika maneno. Kooni mwake ukatoka mluzi, hhhii, hhhii, shingo ikamvimba, mpaka Kanae akamtingisha kwa nguvu.

"Umemwona, shangazi? Utamtoa?"

Bi Tome akajifuta jasho. "Mwanangu, mimi natoa wenye njaa na waliopotea njia. Huyu hajapotea. Anaijua anwani yenu vizuri sana." Akamgeuzia Ryusei uso. "Wewe baba, kesho una tamasha?"

"Ndiyo, Bibi."

"Simama mbele yao useme nyimbo ni za nani. Ukisema, atakwenda zake. Usiposema, mimi usinipigie tena simu."

"Nitasema," Ryusei akajibu. Na alikusudia kweli.

Kesho yake alasiri ukumbi ulijaa. Vijiti vya mwanga vilipepea kama shamba la mpunga lenye moto wa buluu, na Suzuna, msichana aliyeumbwa kwa mwanga, akasimama jukwaani akaimba. Ryusei akapewa maikrofoni. Maelfu wakaliita jina lake, Ryusei, Ryusei, na utamu wa kuitwa hivyo ukampanda kichwani.

"Asanteni!" akasema. "Kila wimbo mliousikia leo, nimeutunga mwenyewe, peke yangu!"

Suzuna akageuka. Mafundi waliomchora hawakumpangia kugeuka, ila aligeuka, shingo kwanza kisha mwili, akamtazama Ryusei kwa macho yasiyo na kope, na katikati ya shingo ile ya mwanga likafunguka tundu jeusi, na kwenye spika zote ukatoka mluzi, ukapanda, ukawa sauti ya mwanamke, ya kukwaruza, ikiimba ule wimbo wa chumbani, na Ryusei akahisi vidole baridi vikimshika kifundo cha mkono, vikapanda kwapani, vikafika shingoni, vikaingia ndani ya nyama bila kupasua ngozi na kung'oa kitu huko kooni kama mtu ang'oavyo muhogo, na alipopanua mdomo kupiga yowe hakikutoka kitu.

Watu wakashangilia. Walidhani ni sehemu ya onyesho.

Madaktari walimchunguza wakasema koo ni zima kabisa. Kanae ndiye aliyeutangazia ulimwengu ukweli, akaweka jina la Shinobu Kitahara kwenye kila wimbo. Obon ikaisha, taa za kuaga mizimu zikaelea mtoni. Lakini sauti ya Ryusei haikurudi.

Wiki iliyofuata ukatoka wimbo mpya kwa jina la Shinobu. Kesho yake mwingine. Hakuna aliyejua anayezituma. Hakuimba Suzuna, aliimba mwanamume, bila kupumzika, na katikati ya mistari alisikika akilia. Kanae aliitambua sauti ile kwa neno la kwanza.

Akapanda treni kwenda kwa mama yake Shinobu. Alimkuta mezani, anakunywa chai, redio imefunguliwa, sauti ya Ryusei imejaa nyumba nzima. Kanae akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka.

"Mama, nakuomba. Zungumza na Shinobu. Mwambie amwachie mume wangu."

Mama Shinobu akamimina chai kikombe cha pili, akamsogezea.

"Alipokuwa mgonjwa nilimwomba Mungu ampe mwanangu sauti," akasema. "Leo kapata. Nimwambie aache kuimba?"

Akaongeza sauti ya redio.