Vidonge Vidogo vya Bi Maryam

Johari alikanyaga sakafu, akapiga yowe.

"Yallah! Kisigino changu!"

Alirudi kukaa kitandani, akaushika mguu kwa mikono miwili. Kila asubuhi ilikuwa hivyo hivyo. Hatua ya kwanza ilikuwa kama kukanyaga msumari. Akishatembea kidogo, maumivu yalipungua. Akikaa na kuinuka tena, yalirudi.

Nyumba yao iko Unyambwa, pembeni mwa mji wa Singida. Sakafu yake ni ya saruji, ngumu na baridi. Viatu huvuliwa mlangoni. Hiyo ni amri ya Bi Maryam, mama mkwe wa Johari, na amri ya Bi Maryam haina rufaa. "Humu ndani tunaswali," husema. "Vumbi la sokoni libaki nje."

Basi nyumbani Johari alitembea peku. Dukani alivaa malapa yaliyokwisha soli. Mume wake, Haji, ana mashine ya kukamua alizeti, na Johari ndiye anayeuza mafuta. Kazi hiyo ni ya kusimama kutwa.

Miaka miwili iliyopita Johari alikuwa mnene sana, tena ana kisukari. Ugonjwa huo aliujua vizuri. Mama yake mzazi alikatwa mguu kwa sababu yake. Madaktari walimshauri Johari afanyiwe upasuaji wa kupunguza tumbo, ili ale kidogo na ashibe. Akapelekwa Dar es Salaam, akapasuliwa, akarudi. Kilo zikapukutika. Sukari ikatulia.

Wakati wa kumruhusu, madaktari walimwambia ahudhurie kliniki na asiache vitamini. Walimwambia pia asimeze dawa yoyote bila kuuliza. Johari alihudhuria mara chache, kisha akaacha. Aliona amepona. Aliyepona anafuata nini hospitali?

Kisigino kilipoanza kuuma, aliogopa mno. Alijiambia, "Sukari imerudi. Mguu wangu unafuata njia ya mguu wa mama." Hakumwambia Haji. Lakini Bi Maryam si mtu wa kufichwa jambo.

"We Johari, mbona unachechemea?"

"Hamna kitu, mama."

"Hamna kitu ndicho kinachochechemea? Hebu kaa hapa."

Bi Maryam alimletea panado. Johari akaitazama, akatikisa kichwa.

"Mama, hiki kidonge kikubwa. Tumbo langu limebaki dogo. Kitapita wapi?"

Bi Maryam akafikiri. Yeye ana ugonjwa wa viungo, na daktari wake anampa dawa. Akaingia chumbani, akatoka na vidonge vyeupe, vidogo kuliko punje ya mahindi.

"Basi chukua hivi vyangu. Kidogo hakidhuru. Vidole vyangu vilikuwa vimejikunja, leo nasuka mikeka."

Alimpa kwa upendo. Nasema hivyo wazi, maana wapo watakaomlaumu bibi huyu kabla hadithi haijaisha. Alimpa kama anavyompa mwanawe maji ya kunywa.

Siku chache tu, maumivu yakapoa. Johari akafurahi. Vidonge vilipokwisha, alichukua pakiti tupu hadi duka moja la dawa mjini. Wakampa vingine bila kumuuliza chochote. Akaendelea hivyo miezi kadhaa. Maumivu yakirudi kidogo, anaongeza kimoja.

*

Msimu wa alizeti ulifika. Wakulima walileta magunia, na Haji akawa anapima kwenye mizani kubwa ya chini. Hapo dukani palikuwa na mchezo wao. Johari akipita, wakulima humwita apande mizani. Akipanda, mshale husimama chini, watu hupiga makofi. Alipenda sana mchezo huo. Nani asingependa?

Siku hiyo alikuwepo Simeoni, mkulima wa Mgori, mtu wa utani mwingi.

"Mama Ashrafu!" akamwita Johari kwa jina la mwanawe. "Panda nawe, tukuone!"

Johari akacheka, akapanda.

Mshale ukapanda nao. Ukapita pale ulipokuwa ukisimama. Ukazidi kupita. Ulipotulia, ulionyesha kilo kumi na nne zaidi ya mara ya mwisho.

Hakuna aliyepiga makofi. Haji aliisogelea mizani, akaigonga kwa kiganja, akarudisha mshale kwenye sifuri.

"Shuka. Panda tena," akasema.

Johari akashuka, akapanda tena. Kilo zilikuwa zile zile.

Alipigwa na butwaa. Kweli gauni lilikuwa limembana. Kweli uso ulikuwa umejaa. Lakini kilo kumi na nne! Aliteremka bila kumtazama mtu, akaingia stoo, akalia kwa aibu.

Tena kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuna aliyelijua. Njaa ilikuwa imerudi. Njaa ile aliyoisahau tangu upasuaji ilimwamsha asubuhi ikamfuata hadi jioni. Alikula kidogo akashiba, na muda si mrefu akatamani kula tena.

Alasiri ile Haji alirudi nyumbani kuchukua funguo. Alimkuta mkewe jikoni, amechutama, anakula kiporo cha ugali kutoka kwenye sufuria. Alikuwa anakula na kulia.

"Johari!"

Tonge likamdondoka mkononi.

"Kumbe!" Haji alisema, macho yamemtoka. "Tumbo umekatwa, chakula unaweka wapi? Umelifumua?"

"Wallahi sijui, baba Ashrafu. Nasikia njaa."

"Njaa gani? Ukoo mzima tulikuombea. Mimi nilikusindikiza hadi mlango wa chumba cha upasuaji huku natetemeka, nikijua naweza kurudi na maiti! Na wewe unakula kwa kujificha?"

Bi Maryam alisikia makelele, akaja na tasbihi mkononi. Alikuwa hajawahi kumsikia mwanawe akimpigia mkewe kelele. Alisimama mlangoni, asijue amshike nani.

Wakati huo huo mtu alibisha hodi uani. Alikuwa Elina, muuguzi, jirani yao wa nyumba ya pili. Alikuja na dumu lake kununua mafuta.

"Hodi jamani. Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pita, ingawa umetukuta vibaya."

"Nesi, njoo ujionee!" Haji akasema. "Mtu aliyepunguzwa tumbo anafakamia ugali!"

Elina hakuutazama ugali. Aliutazama uso wa Johari. Ulikuwa wa duara kama sinia, mashavu yamevimba. Alimshika mkono. Ngozi ilikuwa nyembamba, ina alama za damu kuvilia.

"Dada Johari, unatumia dawa gani?"

"Situmii dawa. Ni vidonge vidogo tu, vya kisigino."

"Hebu nivione."

Johari akatoa pakiti iliyofungwa kwenye pindo la kanga. Elina akaisoma. Kisha akaisoma tena, taratibu.

"Mungu wangu! Nani kakuandikia hivi?"

Bi Maryam akaanguka kwenye kigoda.

"Mimi," akasema kwa sauti ndogo. "Ni mimi niliyempa. Vimefanya nini?"

"Mama, hii inaitwa predinisoloni. Kwako ni dawa nzuri. Daktari anajua ugonjwa wako, anakupima, anajua umeze kiasi gani. Lakini ina nguvu sana. Mtu akiimeza muda mrefu inaleta njaa, inanenepesha, inajaza uso. Inapandisha sukari na presha. Na tumbo lililopasuliwa linaweza kupata vidonda, hata likatoka damu."

"Inapandisha sukari?" Johari aliuliza.

"Inapandisha."

Johari aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Alimpokonya Elina pakiti, akakimbilia chooni kuitupa. Kisigino kilimchoma, hakujali.

"Shika mkono wake!" Elina akapiga kelele. "Haji, mzuie! Asitupe!"

Haji alimdaka mkewe mlangoni mwa choo. Wote wakamgeukia Elina, wameduwaa.

"Nesi, wewe mwenyewe umesema ni sumu!" Haji akasema.

"Sikusema sumu. Sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu wanapofia. Mwili una dawa yake ya asili inayofanana na hii. Ukimeza vidonge miezi mingi, mwili unaacha kutengeneza ya kwake. Ukikatisha ghafla, mwili unabaki mtupu. Presha inashuka, mtu anatapika, anazimia, anaweza kufa. Inapunguzwa pole pole, na daktari ndiye anayepanga."

"Kwa hiyo nikimeza nakufa, nikiacha nakufa?" Johari akauliza.

"Hufi, dada. Vaa viatu, twende hospitali sasa hivi. Na vidonge uje navyo."

*

Hospitalini walipokewa na Daktari Rebeka, mama mwenye sauti ya upole na maswali mengi. Walimpima Johari sukari. Ilikuwa imepanda. Presha nayo ilikuwa juu.

Johari alijifunika uso kwa mtandio. "Mguu wangu," akasema. "Daktari, niambie kweli. Mtaukata?"

Daktari aliushika mguu wake. Alikagua vidole vyote, akamgusa hapa na pale kwa uzi laini, akamuuliza kama anasikia. Johari alisikia kila mguso. Kisha akabonyeza chini ya kisigino, upande wa ndani.

"Uwii!"

"Hapo hapo. Mguu wako ni mzima, mama. Hauna kidonda, na mishipa ya fahamu inafanya kazi. Chini ya wayo kuna utando mgumu, unatoka kisigino hadi vidoleni. Wako umechoka kwa kuvutwa. Unasimama kutwa?"

"Ndiyo."

"Na nyumbani unavaa nini?"

"Peku."

"Kwenye saruji?"

"Kwenye saruji."

Daktari akatikisa kichwa. "Maumivu ya kisigino hayakuletwa na sukari. Sukari imeletwa na dawa uliyomeza kwa ajili ya kisigino."

Miezi yote ile Johari alikimbia kitu ambacho hakikuwepo. Na katika kukimbia, akakiita mwenyewe. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye kifo kilikuwa kimeshapiga hodi.

Haji alikohoa. "Daktari, na ile njaa? Mimi nilijua ni ulafi."

"Njaa ile ni ya dawa. Ingekupata hata wewe. Tumbo lake halijafumuka. Tena ujue, kuongezeka kilo kidogo baada ya upasuaji huu huwapata wengi. Tiba yake ni kurudi kliniki mapema. Ukimfokea, atajificha zaidi."

Haji aliinamisha kichwa. Akamshika mkewe bega mbele ya daktari, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya watu.

"Nisamehe, mama Ashrafu."

Daktari alimpangia Johari jinsi ya kupunguza vidonge hatua kwa hatua. Akamwonya kwamba akitapika, akizimia au akipata choo cheusi, aje hospitali siku hiyo hiyo. Kwa maumivu, alimruhusu panado kwa kipimo alichomwandikia.

"Ile kubwa?" Johari akashtuka. "Si itakwama?"

"Haikwami. Ukiogopa, ikate vipande. Lakini dawa za maumivu kama diklofenaki na brufeni usimeze kabisa, zinachubua tumbo kama lako. Ukubwa wa kidonge haukuambii nguvu yake. Hata pilipili kichaa ni ndogo."

Elina alicheka, na Johari akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Akafundishwa pia mazoezi. Asubuhi, kabla ya kushuka kitandani, apitishe kanga chini ya vidole vya mguu, aivute kuelekea kwake, ahesabu taratibu hadi thelathini. Mchana asimame akiegemea ukuta, mguu unaouma ukiwa nyuma, kisigino kikiwa chini, mpaka asikie msuli wa nyuma unavutika. Jioni abingirishe wayo juu ya chupa ya maji yaliyoganda, iliyofungwa kitambaa. Wakati wa kula, aanze na mayai, kuku, maharage au samaki, ugali uje mwisho. Atafune pole pole. Maji ayanywe baadaye, si pamoja na chakula. Vitamini ni za maisha yote.

"Na usitembee peku tena," daktari alimalizia. "Hata ndani ya nyumba. Vaa viatu vyenye soli laini na nene."

Johari alikubali yote. Hilo la mwisho alilikubali kwa mdomo tu. Alimjua mama mkwe wake. Viatu ndani ya nyumba ya Bi Maryam? Thubutu!

Usiku ule alilala akiwaza. Asubuhi alivuta mguu kwa kanga kama alivyofundishwa. Kisha akashusha miguu taratibu, akisubiri msumari.

Miguu haikugusa saruji. Iligusa kitu laini.

Kando ya kitanda palikuwa na jozi ya viatu vipya, vya soli nene. Bi Maryam alikuwa amesimama mlangoni, macho mekundu.

"Vaa, mwanangu," akasema. "Elina kanieleza aliyosema daktari, nami nimevitoa dukani jana jioni, kwenye boksi. Havijawahi kukanyaga nje na havitakanyaga. Mimi ndiye niliyekuweka peku, mimi ndiye niliyekupa vidonge. Ningekuua kwa mikono yangu, Johari, huku nakupenda."

Johari alimkumbatia, wakalia wote wawili.

Kisigino hakikupona kesho yake. Kilichukua miezi. Siku nyingine kilipoa, siku nyingine kilimkumbusha. Vidonge vilipungua, mpaka daktari akasema basi. Njaa ikatulia. Sukari ikashuka, presha ikashuka. Kilo nyingi ziliondoka, chache zikabaki, na daktari akasema hizo zisimnyime usingizi. Dukani Haji alimwekea kigoda na mkeka mnene wa mpira. Mizani ikarudi kupima alizeti peke yake.

Juzi Simeoni alikuja Unyambwa na kuku wa zawadi. Alikuwa anachechemea. Alimsalimu Bi Maryam, kisha akasogea karibu.

"Mama, kisigino kinaniua. Watu wanasema unavyo vidonge vidogo, vinatuliza siku hiyo hiyo. Nigawie viwili tu."

Johari alikuwa jikoni. Alisimama na mwiko mkononi.

Bi Maryam aliinuka, akaingia ndani. Alikaa huko kidogo. Alipotoka, mkononi hakuwa na vidonge. Alikuwa amevaa baibui lake na ameshika mkoba.

"Simeoni," akasema, "vaa viatu. Nakupeleka hospitali mwenyewe."